Mitungi Mitatu: Maji Meupe Yaweza Kuficha Sumu



Maji yanapotoka kisimani meupe kama kioo, bila harufu na bila takataka, nani atayashuku? Mama hujaza mtungi, watoto hunywa, mgeni hupewa kikombe. Tangu utoto tumefundishwa kwamba maji ya kuogopwa ni yale ya dimbwi, yenye matope na viluwiluwi. Na fundisho hilo ni la kweli. Lakini si kweli yote. Kuna maji mengine ambayo jicho halioni ubaya wake, ulimi hauonji ubaya wake, wala moto hauondoi ubaya wake. Leo twataka kueleza habari ya maji hayo, na habari ya watu waliojaribu kuyasafisha kwa vitu vinavyopatikana karibu kila kijiji: udongo wa mfinyanzi, mchanga, makaa, na chuma chenye kutu.

Nchi ya mito mingi

Bangladesh ni nchi ya Asia, jirani ya Uhindi. Mito mikubwa ya Ganges na Brahmaputra yashuka kutoka milima ya Himalaya na kupita katika nchi hiyo mpaka baharini. Kwa maelfu ya miaka mito hiyo imechukua udongo wa milimani na kuutandaza bondeni, hata nchi karibu yote ikawa tambarare yenye rutuba. Mpunga husitawi sana, na watu ni wengi mno. Vijiji vimekaribiana kama shanga katika uzi.

Zamani wenyeji walikunywa maji ya mito na ya mabwawa. Katika maji yale yale watu walioga, wakafua nguo, wakanywesha ng’ombe. Basi kipindupindu na kuhara viliua watoto wengi kila mwaka. Kwa ajili hiyo, hasa tangu miaka ya 1970, serikali ya nchi na UNICEF, yaani Mfuko wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya watoto, walishika kazi ya kuchimba visima vya bomba. Kisima cha namna hiyo si shimo pana la kuteremshia ndoo. Ni bomba jembamba linalopenya ardhini metri nyingi, na juu yake hutiwa mashine ndogo ya kuvuta maji kwa mkono. Maji ya chini hayana vijidudu vya kipindupindu. Watu walifurahi. Waliopata fedha kidogo wakanunua mabomba yao wenyewe na kuyaweka karibu na nyumba, hata visima vikawa milioni nyingi.

Tafadhali, msomaji, usisahau neno hili tunapoendelea: kazi hiyo ilikuwa njema, nayo ilifanywa kwa nia njema. Ndiyo maana habari inayofuata yatuhuzunisha zaidi.

Sumu isiyo na harufu

Mwaka wa 1983, katika mji wa Kolkata, Uhindi, ambao wakati ule uliitwa Calcutta, mganga wa ngozi aitwaye K. C. Saha alianza kupokea wagonjwa wa vijijini wenye mabaka mwilini na ngozi ngumu katika viganja na nyayo. Alitafuta sababu, akaiona: ni arseniki iliyokuwamo katika maji ya visima vyao vya bomba. Mwaka wa 1993 arseniki ikagunduliwa pia upande wa Bangladesh, katika wilaya ya Chapai Nawabganj, mpakani mwa Uhindi.

Arseniki ni nini? Ni namna ya madini. Tangu zamani wauaji waliipenda, kwa sababu haina rangi wala ladha ikichanganywa na chakula au kinywaji. Lakini huko Bangladesh hakuna mtu aliyeitia kisimani. Iliteremka milimani pamoja na udongo wa mito, imeshikamana na chembe za kutu ya chuma zilizomo katika udongo huo. Ilipofunikwa chini kabisa, mahali pasipo hewa, vijidudu vya ardhini viliiyeyusha kutu ile pole pole. Kutu ilipoyeyuka, arseniki ikafunguliwa na kuingia majini. Shikeni vema jambo hili la kutu, kwa maana tutalirudia. Ile ile iliyoibeba sumu ndiyo itakayotusaidia kuikamata tena.

Katika miaka ya 1998 na 1999 wataalamu wa serikali ya Bangladesh na wa Uingereza walipima visima 3,534 katika karibu wilaya zote za nchi. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba litri 1 ya maji ya kunywa isiwe na arseniki zaidi ya maikrogramu 10. Serikali ya Bangladesh yenyewe imeruhusu mpaka 50. Tupate kufahamu udogo wa kipimo hicho: maikrogramu 10 katika litri ni sawa na gramu 1 iliyotiwa katika mapipa 500, kila pipa likiwa la litri 200. Huo ndio mpaka. Basi katika visima vifupi vilivyopimwa, 27 katika kila 100 vilizidi hata kipimo kikubwa cha 50, na 46 katika kila 100 vilizidi kipimo cha 10. Mwaka wa 2000 gazeti la Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika kwamba watu milioni 35 hadi 77 wa nchi ile walikuwa katika hatari. Haijapata kujulikana habari ya watu wengi hivyo kutiwa sumu mahali pamoja.

Haba na haba

Methali yetu husema: Haba na haba hujaza kibaba. Sisi huitumia kuwasifu wenye kuweka akiba. Lakini sumu nayo hufuata methali hiyo hiyo. Anayekunywa maji ya arseniki leo haumwi tumbo leo, wala kesho. Hunywa mwaka, hunywa miaka mitano, kumi, au zaidi. Kisha ngozi ya kifua na mgongo hutokwa na madoa, kama matone ya mvua yaliyoanguka juu ya vumbi. Viganja vya mikono na nyayo za miguu hukakamaa na kuota vinundu, hata mkulima hushindwa kushika jembe bila maumivu. Baada ya miaka mingi wengine hupatwa na kansa ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu.

Tena kuna mateso mengine yasiyotoka majini, bali mioyoni mwa watu. Wengi waliwadhania wagonjwa kuwa wenye ukoma, au kuwa wamelaaniwa. Watoto wenye madoa walikatazwa kucheza na wenzao. Wasichana walikosa wachumba. Wake walirudishwa kwa wazazi wao na waume ambao walikunywa maji ya kisima kile kile. Fikirini, enyi akina baba! Mwanamke anateka maji, anapika, anawanywesha wote. Siku ngozi yake inapobadilika, yeye peke yake ndiye anayefukuzwa. Lakini ugonjwa huu hauambukizi. Hauendi kwa mkono, wala kwa sahani, wala kwa kitanda. Yule anayemkimbia mgonjwa na kuendelea kutumia kisima chake amekimbia asipopaswa, na kukaa asipopaswa.

Dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini kwa hakika haijapatikana. Jambo la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni kuacha maji yale na kupata mengine yaliyo mazuri. Ugonjwa usipokuwa umekomaa, madoa huweza kupungua. Chakula bora nacho humsaidia mgonjwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua: anayeficha ngozi yake kwa haya huendelea kunywa.

Kwa nini moto haufai, na kitambaa hakifai

Labda wewe, mama, wasema: Mimi huchemsha maji yangu siku zote. Wafanya vema sana, usiache! Moto huua vijidudu, kwa kuwa vijidudu vina uhai. Lakini arseniki haina uhai, haiwezi kuuawa. Ukichemsha maji yenye arseniki, mvuke hupanda na kwenda zake, arseniki hubaki chunguni. Ukichemsha mno, maji yatapungua na sumu itakuwa kali zaidi katika yale yaliyosalia.

Mwingine asema: Basi tuyachuje. Hapa twawaomba wanafunzi watusaidie. Chukueni kikombe cha maji, tieni chumvi kijiko kimoja na vipande vya majani makavu, korogeni, kisha mpitishe maji hayo katika kitambaa safi. Majani yatabaki juu ya kitambaa. Onjeni maji: chumvi imekwenda wapi? Imepita pamoja na maji. Kitu kilichoelea majini huzuiwa na tundu dogo. Kitu kilichoyeyuka hupita penye tundu dogo kabisa. Arseniki imeyeyuka kama chumvi, ingawa haionjeki kama chumvi.

Sasa mtaelewa habari ya chujio la udongo, ambalo husifiwa katika nchi nyingi. Mwaka wa 1981, huko Guatemala, katika Amerika ya Kati, mtaalamu aitwaye Fernando Mazariegos alitengeneza chombo cha kuchujia kinachoweza kufinyangwa na wafinyanzi wa kawaida. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao au makapi ya mpunga yaliyosagwa, kisha hufinyangwa kwa umbo la ndoo. Katika tanuru unga ule huungua wote, nao huacha vitundu vingi vidogo vidogo ndani ya kuta za chombo. Halafu chombo hupakwa maji yenye chembe za madini ya fedha, ambazo huua vijidudu. Maji humiminwa ndani, nayo hutoka kwa kudondoka, litri 1 hadi 3 kwa saa, na kuingia katika ndoo yenye kifuniko na bilula. Baada ya tufani kubwa ya Mitch kuiharibu Nicaragua mwaka wa 1998, mfinyanzi Ron Rivera aliwafundisha watu kazi hiyo, kisha akaipeleka katika nchi nyingi mpaka alipofariki mwaka wa 2008. Huko Kambodia uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba katika nyumba zenye chujio hilo ugonjwa wa kuhara ulipungua karibu nusu.

Ni kazi nzuri mno. Lakini ni kazi ya kuzuia vijidudu. Kambodia nayo ina visima vyenye arseniki, kando ya mto Mekong, na chujio la udongo mtupu halimwokoi anayekunywa maji ya visima hivyo. Udongo mwekundu wenye chuma huweza kushika arseniki kidogo, lakini huchoka upesi, na macho hayaoni siku ulipochoka. Basi udongo wataka mwenzake. Na mwenzake ni chuma.

Kazi ya kutu

Katika vijiji vya Bangladesh maji huwekwa katika mtungi wa udongo uitwao kolshi. Wataalamu wa nchi ile walichukua mitungi mitatu ya namna hiyo, wakaipanga juu ya kinara, mmoja juu ya mwingine. Mtungi wa juu na wa katikati ilitobolewa chini, na tundu likafunikwa kwa kitambaa. Katika mtungi wa juu walitia mchanga wa chembe kubwa na mabaki ya chuma, yaani zile chenga zinazoanguka katika karakana chuma kinapokerezwa. Katika mtungi wa katikati walitia mchanga laini na makaa ya miti. Mtungi wa chini uliachwa mtupu upokee maji.

Mambo yaendaje ndani yake? Maji na hewa vikigusa chuma, chuma huota kutu. Arseniki hupenda kushikamana na kutu, kama vumbi linavyoshikamana na mkono wenye mafuta. Tena arseniki huwa na sura mbili majini: moja hukamatwa kwa urahisi, ya pili ni sugu. Chuma kinapoota kutu, ile sugu hugeuzwa kuwa ile nyepesi kukamatwa. Hivyo sumu huachana na maji, hushika kutu, na mchanga huizuia kutu isishuke. Makaa huondoa harufu na ladha mbaya. Maji yanayodondoka katika mtungi wa tatu yamepungukiwa na arseniki kwa kiasi kikubwa sana. Mnaona sasa: chini ya ardhi kutu iliyeyuka ikaifungua sumu, juu ya ardhi kutu mpya yaikamata na kuifunga.

Waliojulikana zaidi kwa kazi hii ni ndugu wawili waliozaliwa Kushtia, magharibi mwa Bangladesh. Mmoja, Abul Hussam, alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha George Mason, huko Marekani. Wa pili, A. K. M. Munir, alikuwa mganga katika mji wao wa nyumbani. Walijaribu mitungi, wakaona faida yake, wakaona pia upungufu wake, nao hawakuuficha. Chenga za chuma ziligandamana baada ya miezi michache hata zikawa kama jiwe, na maji yakakataa kupita. Tena vijidudu viliweza kukaa na kuzaana ndani ya mitungi. Kwa hiyo waliendelea kujaribu miaka mingi, mpaka wakapata namna ya kutengeneza chuma kisichogandamana. Mahali pa mitungi wakaweka ndoo mbili zenye chuma hicho, mchanga, makaa na vipande vya matofali. Chujio hilo likaitwa Sono. Halikuhitaji umeme, na bei yake ilikuwa kati ya dola 35 na 40. Mwaka wa 2007 chama kikuu cha wahandisi cha Marekani kilimpa Hussam tuzo ya dola milioni 1, naye akaamua kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo itumike kuwapa watu machujio.

Katika nchi ya Nepal pia, tangu mwaka wa 2002, wataalamu wametumia chujio la mchanga ambalo juu yake hutiwa misumari ya chuma, ipate kuota kutu kila siku maji yanapomiminwa. Njia ni nyingine, akili ni ile ile.

Chombo chataka mwenye kukitunza

Mtu akipewa chujio na kudhani kwamba kazi imekwisha, amejidanganya. Kutu ina kipimo chake. Ikijaa arseniki haiwezi kushika zaidi. Ndipo maji hupita na sumu yao, nayo yangali meupe kama jana. Chujio lililochoka ni hatari kuliko kutokuwa na chujio, kwa sababu mwenye nyumba amelitumainia. Kwa hiyo maji yanayotoka hayana budi kupimwa kila baada ya muda, na chuma kubadilishwa kwa wakati wake. Kile chuma cha zamani nacho kimebeba sumu. Kisitupwe bwawani wala bustanini. Mikono iwe safi, mtungi wa chini ufunikwe, na mtoto asitumbukize kikombe ndani yake.

Tena wale waliotumia machujio hawakuyategemea peke yake. Kuanzia mwaka wa 2000 visima karibu milioni 5 vya Bangladesh vilipimwa. Kisima chenye sumu zaidi ya 50 kilipakwa rangi nyekundu. Kisicho na sumu hiyo, rangi ya kijani. Visima karibu milioni 1.4 vilipakwa nyekundu. Hata asiyejua kusoma aliweza kujua. Maji ya kisima chekundu yalifaa bado kwa kuoga na kufua, kwa maana arseniki haipenyi ngozi kwa urahisi. Kunywa na kupikia ndiko kulikokatazwa.

Hapo likatokea jambo la ajabu. Kisima chekundu na kisima cha kijani viliweza kuwa jirani, hatua chache tu kati yao, kwa sababu ardhi ya chini hailingani. Basi wokovu wa wengi ulikuwa katika ua wa jirani! Huko Araihazar, karibu na mji mkuu wa Dhaka, zaidi ya nusu ya nyumba zenye visima vibaya zilihamia visima vingine baada ya kupimiwa maji. Hakuna mashine iliyohitajiwa. Lilihitajiwa neno la hodi, na neno la karibu. Lakini palipokuwa na ugomvi wa zamani wa mpaka au wa mahari, mama alipaswa ama kwenda mbali na mtungi wake, ama kuwanywesha watoto wake sumu anayoijua. Njia nyingine ilikuwa kuchimba visima virefu, vya metri 150 na zaidi, ambavyo karibu vyote ni vizuri. Lakini visima hivyo ni vya gharama kubwa, na mwaka wa 2016 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba vingine vilijengwa kwenye nyumba za wakubwa na jamaa zao badala ya mahali penye haja. Mwaka huo huo lilisema kwamba watu wapatao milioni 20 walikuwa bado wakinywa maji yaliyozidi kipimo cha serikali.

Kosa ni la nani?

Swali hili lilifika mpaka mahakama kuu ya Uingereza. Mwaka wa 1992 wataalamu wa Uingereza walipima maji ya visima vya Bangladesh kwa mambo mengi, lakini hawakupima arseniki. Mwenyeji mmoja aliyekuwa mgonjwa akawashitaki waliowatuma. Mwaka wa 2006 mahakimu walikataa shauri lake: walisema kwamba wataalamu wale hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake, kwa kuwa hawakumwahidi wala kuwaambia watu kwamba maji yale ni salama.

Sheria imekwisha kusema. Lakini sisi wenye jamaa twaweza kuokota fundisho. Kipimo hujibu lile tu lililoulizwa. Karatasi isemayo maji hayana vijidudu haikusema kwamba hayana sumu, ilinyamaza tu. Na ukimya si ushahidi.

Na sisi huku Kongo?

Msiogope bure, wala msikimbilie kutia misumari katika mitungi yenu. Katika vijiji vyetu vingi adui mkubwa wa mtoto ni yule wa zamani: vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara. Adui huyo hushindwa kwa kuchemsha, kwa dawa ya klori, kwa chujio zuri la udongo, kwa choo kilicho mbali na kisima, na kwa mikono iliyonawishwa. Atakayeacha kuchemsha maji kwa sababu amesoma habari ya arseniki, amesoma vibaya.

Lakini tusilale. Katika sehemu za migodi mambo yaweza kuwa tofauti. Mwaka wa 2009 wataalamu wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na mitambo ya kuyeyushia madini walikuwa na madini mengi katika mkojo wao, hasa kobalti, na arseniki pia. Madini hayo huweza kuingia mwilini kwa vumbi, kwa chakula au kwa maji. Basi wageni wakija na mashine ya kuchimba kisima, wazee wa kijiji wasitosheke na kushukuru. Wawaulize kwa adabu maneno manne: Maji haya yatapimwa? Yatapimwa kwa vitu gani, kwa majina? Yatapimwa tena lini? Na karatasi ya majibu, nani atakaa nayo hapa kijijini? Mgeni mwema hatachukizwa na maswali hayo. Aliyechimba kisima bila kupima amefanya nusu ya kazi.

Mambo ya kuzungumza jioni nyumbani

1. Kwa nini chujio la udongo huzuia vijidudu, lakini huiacha arseniki ipite? Mwanafunzi awaeleze wazazi kwa mfano wa chumvi.

2. Kisima chetu kikipakwa rangi nyekundu kesho, tungekwenda kuteka kwa nani? Je, kuna ugomvi unaotuzuia kupiga hodi huko? Na cha jirani kikipakwa nyekundu, je, sisi tungemkaribisha?

3. Katika mtaa wetu kuna mgonjwa wa ngozi ambaye watu humkwepa? Nani amempeleka kwa daktari?

Swali la pili lisiachwe mpaka maji yapimwe. Mwenye ugomvi na jirani yake aanze kuumaliza wiki hii.